Kahawa ya Mgeni wa Siku ya Tatu

Benchi la kijiwe chetu hapa Maan, kusini mwa Sham, ni kipande cha reli kilichopindishwa na baruti, kikawekwa juu ya mawe mawili ukutani kwa Shayiri, hatua mia mbili kutoka lango la kituo. Ukikaa pembeni unateleza taratibu mpaka unambana wa katikati, ndiyo maana pale hakuna siri. Shayiri mwenyewe jina lake Hleil, ila tangu vita vianze na meli zizuiwe, buni imekuwa adimu kuliko mvua, naye hukaanga shayiri, akaitwanga, akatia iliki, akaiita kahawa. Watu wakampa jina la kinywaji chake. Lakini siku hiyo, asubuhi na mapema, watu wa kijiwe walikuwa wanakunywa kahawa ya kweli, siku ya tatu mfululizo, na bado hakuna aliyetulia. Jana waasi wa jangwani wameilipua tena reli upande wa kusini.

Mzee Mufleh alikuwa anatikisa mguu, kashindwa kuuzuia tangu alipokaa. Kijiweni anaitwa Saa. Zamani alikodisha ngamia kwa mahujaji. Reli ilipokuja ikamlia riziki, akailaani miaka sita. Kisha binti yake wa pekee, Wadha, akaolewa na Nayef, mchochea moto wa treni, na Mufleh akageuka ghafla mtu wa reli kuliko reli yenyewe. Treni ikitoka anajua, ikichelewa anajua, na ole wako ujifanye umejua kabla yake. Leo Nayef alikuwa na zamu, na Wadha ana mimba ya miezi minane.

— Wamezipisha treni mbili za majani makavu, alisema Darubini. Wakaipiga ya tatu, yenye bunduki. Hebu niambieni, wamejuaje?

Darubini ni askari mstaafu mwenye jicho moja, na hilo moja nalo lina ukungu, lakini hakuna jambo mjini ambalo hajaliona yeye mwenyewe.

— Wamejua kwa njiwa, akajijibu. Karani wa simu anafuga njiwa. Jana nilimwona mmoja kageuka mara mbili hewani kabla ya kuelekea kusini. Kugeuka mara mbili maana yake treni mbili.

— We nawe. Ukuta huuoni, utaona njiwa?

Huyo alikuwa Hekima, mwashi wa mawe, mtu wa methali. Methali anazo nyingi, tatizo ni mahali pa kuziweka.

— Ukuta nauacha kwa makusudi, alisema Darubini, huku anajikuna kwapani.

— Kikulacho ki nguoni mwako, Hekima akamwambia. Nenda ukachemshe hiyo kanzu, chawa watakumaliza.

Shayiri akamwaga duru ya pili. Alishika dele kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

— Mimi nasema ni kamba ya nguo, alisema. Yule mama anayewafulia maofisa wa Sultani. Akianika shati jekundu, treni ina silaha. Akianika soksi, ina majani.

— Na akianika suruali?

— Suruali ni wakubwa wanasafiri.

— Basi wiki nzima wakubwa wanasafiri, maana suruali ya yule daktari haijaanuliwa tangu Ijumaa.

Kwenye ncha ya benchi, mahali ambapo reli imejikunja kidogo, mgeni alicheka pamoja nao. Muuza samli, mtu wa jangwani, mpole, meno meupe. Alikuja juzi na viriba viwili na ngamia mmoja, akaonja kahawa ya Shayiri, akanyamaza kwa adabu, kisha akafungua fundo kwenye mkono wa joho na kutoa buni mbichi, konzi nzima. "Naona mnahangaika, jamaa zangu." Shayiri alizikaanga huku machozi yanamtoka, akasingizia moshi. Hakuna aliyemuuliza mgeni jina wala ukoo wala njia aliyopitia. Kwetu mgeni haulizwi mpaka siku tatu na theluthi ziishe. Ukimuuliza kabla, mbele za watu umemfukuza.

— Nyote mnaota, alisema Hekima. Wanatega sikio la ngamia kwenye reli. Ngamia anasikia treni ikiwa bado iko Sham inajaza maji. Penye miti hapana wajenzi.

— Miti imeingiaje hapo?

— Imeingia. Fikiri utaona.

— Na ngamia anawaambiaje kama ni bunduki au majani?

— Akisikia majani anadondosha mate.

Hata Mufleh alicheka, ingawa mguu haukusimama. Hekima akaona upenyo.

— Leo Saa yetu kimya. Imekosa ufunguo, au mkwe siku hizi hakuambii kitu?

Hapo ndipo pake. Mwite Mufleh mchoyo, mwite mzee, atakuvumilia. Usimwambie hajui treni.

— Asiniambie mimi? Ya leo haikutoka alfajiri, mlisikia honi? Hamkusikia. Inatoka baada ya swala ya adhuhuri, ili wale wanaoivizia usiku kucha wachoke waondoke. Mbele ya injini mabehewa mawili ya mchanga, kama kuna baruti iishie hapo. Askari wote nyuma. Katikati risasi na makombora. Sasa nenda ukamuulize ngamia wako.

— Loo, alisema Hekima. Saa imejaa ufunguo.

Mgeni alikitikisa kikombe chake mara mbili kwa vidole, ishara kwamba ametosheka, akamrudishia Shayiri. Akasimama, akawaombea Mungu mmoja mmoja, akamwachia Shayiri fundo la buni lililobaki. Mufleh alimwambia akae, chakula cha mchana kipo kwake. Mgeni alimshika bega, akasema amelishwa vya kutosha. Wakamsikia anamnyanyua ngamia nyuma ya ukuta.

— Muungwana yule, alisema Shayiri.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Hekima, na safari hiyo wote walikubali kwamba methali imekaa mahali pake.

Mazungumzo yakaendelea kupanda. Darubini alikuwa amefika kwenye wingu: kuna wingu moja juu ya kilima, halinyeshi wala haliondoki, na ndani yake kakaa Mwingereza na daftari. Jua lilikwisha kupanda sana Nayef alipotokea kutoka mjini, kafunga mikate kwenye kitambaa, nguo zimekolea mkaa. Alimbusu Mufleh bega.

— Ami, Wadha anakusalimu. Anasema mtoto amecheza usiku kucha, hakumpa usingizi.

— Atakuwa msumbufu kama mama yake. Kaa unywe kimoja.

— Kimoja tu. Nataka niwashe tanuri la injini.

Nayef alipiga funda. Akakitazama kikombe. Akanusa, akapiga funda la pili polepole.

— Hii siyo shayiri.

— Siku ya tatu leo, alisema Shayiri, kifua mbele.

— Sham hakuna buni. Maofisa wetu wenyewe wanakunywa njegere za kukaanga. Akawatazama mmoja mmoja. Hii kahawa imetoka wapi?

Swali dogo tu, la mtu mwenye kiu. Darubini alijikuna, kisha akaacha. Kwa reli buni haiji. Inaweza kuja kwa bahari, na bandari iliyo karibu ni Akaba, na Akaba tangu kiangazi iko mikononi mwa hao hao wanaolipua reli, na meli za Waingereza zinashusha mizigo hapo mchana kweupe. Mtoto wa miaka saba mjini anajua hilo. Wao walikuwa wamelinywa siku tatu.

— Kuna mgeni, alisema Shayiri kwa sauti ndogo. Muuza samli.

— Mgeni gani? Jina lake?

— Siku zake hazijaisha.

— Samli aliuza?

Viriba vyote viwili viliondoka vimejaa kama vilivyokuja. Hekima aliinama akawa anaokota vijiwe. Methali hakuwa nayo hata moja.

Mguu wa Mufleh ulikuwa umetulia. Alimwona Nayef anatikisa kikombe, anafunga kitambaa chake cha mikate, akamshika mkono.

— Usipande leo.

— Ami?

— Nilimwambia. Saa, mchanga, askari wako nyuma. Nilimwambia nikiwa nimekaa hapa hapa, kwa sifa tu. Wakiacha mchanga upite, wanaipiga injini. Wewe uko kwenye injini.

Nayef aliuondoa mkono wa mzee taratibu.

— Nisipopanda nitaitwa mtoro. Mtoro anapigwa risasi, unajua.

— Najua.

— Na ukienda kusema, watakuuliza nani katoa habari. Mwezi uliopita yule waliyemnyonga pale langoni alikutwa na kipande cha waya wa simu tu.

— Najua, mwanangu. Nilikuwepo.

Mufleh alivaa viatu vyake. Alimwambia Shayiri amwage kahawa iliyobaki. Shayiri alishika dele na hakumwaga, na hakunywa. Kisha mzee akatangulia, Nayef nyuma yake akimsihi chini chini, kwamba kasema nini yeye, kwamba aseme wenzake ndio walioropoka, kwamba Wadha atakufa kwa majonzi. Mufleh hakugeuka. Hatua mia mbili hazikutosha hata kupanga maneno.

Langoni askari alimzuia na kitako cha bunduki.

— Unataka nini, mzee?

— Nimwone mkubwa wako. Treni ya adhuhuri isitoke. Saa yake ya kutoka imefika jangwani.

— Nani kaipeleka?

— Mtu wa samli.

— Jina lake nani?

Mufleh alilitafuta jina hilo kana kwamba aliwahi kupewa.

— Sikumuuliza, alisema. Basi andika langu.