Kesho Saa Tatu

Benchi la kijiwe hiki cha kahawa lilitupwa na mahakama lilipovunjika mguu, na tangu liwekewe tofali limetulia kuliko zamani. Washtakiwa wa miaka mingi wamelisugua likawa laini, kwa hiyo mtu akilikalia alasiri, kikombe mkononi, huanza kuota macho wazi. Rufaa, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho, alikuwa akiota hapo tangu saa tisa, barua ya usaili mapajani. Kesho saa tatu asubuhi anatakiwa kwenye ofisi kubwa ya mawakili, ile ya ghorofa ya vioo, iliyomwacha mteja wake njiani kwa sababu ya simu moja kutoka juu. Wenzake chuoni wamekubaliana kwamba kila atakayeitwa usaili aulize kwa nini, na jibu liingie kwenye jedwali lao la kuzipa alama ofisi zilizopigiwa simu kama hizo, wote walione. Wa kwanza kuitwa ni yeye. Na kazi anaitaka, jamani, anaitaka mpaka anaiona usingizini.

— Usiulize, mwanangu, alisema Bi Chapa, anayewachapia watu barua za malalamiko. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu lenyewe si hili la benchi? akadakia Fundi Saa. Limevunjika na bado tumelikalia!

— Mie nitauliza kimoja tu, alisema Rufaa. Simu ikilia, mteja mnamwachia nani?

— Simu za juu hazilii, binti. Fundi Saa alikuwa na saa ya mtu imefunguliwa gotini. Huwaka kitaa tu. Wakili akikiona, jina la mteja linamtoka kichwani papo hapo.

— Linamtoka vipi?

— Kama ndoto ukishanawa uso.

Muuza kahawa akaweka birika chini.

— Mimi nasikia mle ndani kuna chumba kizima cha wateja waliosahauliwa. Wanaletewa chai, wanangoja kuitwa.

— Na kalenda ya ukutani haifunuliwi, alisema Bi Chapa, ambaye sasa alishasahau kwamba alikuwa akipinga.

— Saa ya humo niliitengeneza mimi! Inarudi nyuma. Haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa methali hiyo imeingiaje hapo?

— Imeingia kwenye muda, mama. Ukirudi nyuma kidogo kidogo, utaifikia siku ya kabla ya simu.

Rufaa alicheka, lakini mawazo yalikuwa yameshafika kesho. Alijiona nyuma ya vile vioo, ana meza yake, na mama yake anawatambia majirani. Akafungua jedwali kwenye simu ili ajipe moyo. Ofisi kumi na moja, tarehe, nani alitii, nani alikataa, alama.

Mwanamke mmoja, mgeni wa kijiwe, alikuwa amesimama akinywa kahawa, bahasha ya mahakama kwapani.

— Samahanini. Huyo mteja aliyeachwa anaitwa nani?

Rufaa akapitisha kidole kwenye jedwali, juu hadi chini. Palipotakiwa jina waliandika “mteja”, mara kumi na moja. Miezi miwili waligombania alama, na hakuna aliyeuliza. Aliona aibu, aibu hasa.

— Sijui, dada. Hatukuandika.

— Mteja huyo ni mimi, na kesi yangu inatajwa kesho, alisema mwanamke. Saa tatu asubuhi. Sina wa kukaa naye mahakamani.

Muuza kahawa akainamisha birika kwenye kikombe cha mgeni, likatoa matone mawili, basi.

Rufaa akasogea, akamwachia nafasi kwenye benchi.

— Kaa, dada. Nitajie jina lako, taratibu.

Karatasi aliyokuwa nayo ni ile barua ya usaili tu. Akaigeuza, akaazima kalamu ya Bi Chapa, akaandika jina, na chini yake: mahakamani, kesho saa tatu.