Otakar Sobota, Mkaguzi Aliyeshuku Kila Chuma

Tarehe 30 Juni 1937, Bwana Otakar Sobota, mkaguzi wa vyuma katika kiwanda chetu hapa Brodec, atastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Katika miaka hiyo hakuchelewa siku hata moja, wala hakumwamini mtu hata mmoja. Mwaliko wa sherehe hii ya kumuaga ulipomfikia, aliuinua kwanza dirishani ahakikishe kwamba sahihi ya mkurugenzi ni ya mkurugenzi kweli.

Aliajiriwa mwaka 1903, tulipokuwa bado tunatengeneza majembe ya kukokotwa na farasi. Vita Kuu ilipokwisha na jamhuri yetu ikapata jeshi lake, kiwanda kikaanza kujaribu vifaru vyepesi. Cha kwanza kilitembea kwa magurudumu barabarani na kwa minyororo shambani. Kukibadilisha kulitaka watu sita na nusu saa nzima. Wakubwa walishangilia, naye Sobota akaandika kwenye ripoti yake: "Adui aombwe kusubiri." Kilichofuata kilikuwa kidogo mno hata meja aliyekuja kukitazama akakwama mlangoni. Tulimvuta kwa mikono, akatoka bila vifungo vitatu vya koti.

Sasa nifike mwaka 1934, ambao mimi, Emil Turna, mkuu wa chumba cha michoro, nauandika kwa aibu.

Mwezi Machi, kifaru chetu cha tatu cha majaribio kilikuwa kikiteremka mlima wa machimbo ya kokoto pale fimbo ya usukani ilipokatika. Kikapinduka. Dereva Ludvík Holub akavunjika miguu yote miwili. Fimbo nyingine ilikuwa imekatika wiki mbili kabla, na zote zilikuwa zimegongwa muhuri wa Sobota, alama kwamba amezikagua.

Neno "jasusi" likaanza kunong'onwa. Mkewe Sobota, Bibi Hedvika, ni Mjerumani wa mpakani, na hilo lilitutosha. Mezani tukamhama mmoja mmoja. Siku moja, kwenye foleni ya supu, Rezek, mkuu wa ghala, akapaza sauti: "Sobota, hebu muulize mkeo! Labda wajomba zake wa ng'ambo ya mpaka wanajua fimbo zetu zinakatikaje."

"Nitamuuliza," alijibu Sobota, akichukua mkate wake. "Na wewe pia nitakuuliza, Rezek. Zamu yako itafika."

Jumatatu iliyofuata, kutoka dirishani kwangu, nilimwona kando ya kabati lake akitumbukiza kitu kilichoviringishwa kitambaa ndani ya mfuko wake wa chakula. Nikaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Jioni walinzi walimpekua getini, wakakuta vipande vya fimbo zilizovunjika. Akapelekwa ofisini, sisi wakuu wa vitengo tukaitwa.

"Kumbe ni wewe unayeiba ushahidi!" mkurugenzi alifoka.

"Naulinda, bwana mkurugenzi. Kipande kimoja kilipotea ghalani siku ileile kilipovunjika. Tangu hapo natoka navyo jioni na kurudi navyo asubuhi. Sasa naomba karatasi."

Akatoa muhuri wake, akaugonga kwenye karatasi mbele yetu. Namba yake ya ukaguzi, saba, haikuwa na mstari katikati. Kwenye vile vipande, saba ilikuwa na mstari, kama sisi sote tunavyoiandika bila kufikiri.

"Chuma hiki sijakikagua," alisema. "Kuna mtu amechonga muhuri kama wangu, na mkono wake umefuata mazoea."

Droo za ghala zikafunguliwa siku ileile. Muhuri wa bandia ulikuwa kwenye droo ya Rezek. Hakuwa jasusi wa mtu yeyote. Chuma kilichelewa kufika, upimaji ulitaka siku tisa, na tarehe iliyowekwa na jeshi ilikuwa imekaribia, basi akazigonga fimbo mwenyewe bila kupimwa. "Nilitaka tuwahi tu," alilia. "Tuwahi tu, jamani." Aliondoka Brodec wiki hiyo.

Fimbo zote zilizokuwa tayari zimefungwa zikang'olewa, zikawekwa mpya. Mwezi Mei kifaru kiliteremka mlima uleule mbele ya maofisa, Holub akitazama huku ameegemea magongo.

"Nani amezikagua?" aliniuliza.

"Sobota."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi kifaru hicho namkopesha mama aendee kanisani."

Kesho yake tulirudi mezani kwa Sobota kana kwamba hatukuwahi kuondoka. Akainua sahani yake, akaenda kula peke yake kwa wiki nzima. Ilikuwa haki yake.

Wiki iliyopita nilimpelekea maandishi haya, nikamwambia kwamba ni mimi niliyemshtaki kwa mkurugenzi. Aliyasoma mara mbili. "Najua," alisema. "Dirisha lako ndilo pekee linaloona kabati langu. Lakini andika ukweli wote, Emil. Kabla ya Rezek, nilikushuku wewe. Nilikufuata mpaka nyumbani mara nne."

Nimeandika.

Asante, Bwana Sobota, kwa kila chuma ulichokikataa, na kwa madereva wanaotembea leo kwa sababu ulikikataa. Nawe Bibi Hedvika, tuliyekusengenya mwezi mzima na ambaye kwa miaka mitatu hakuna hata mmoja wetu aliyebisha hodi mlangoni kwako, utuwie radhi. Tunawatakia nyote wawili siku njema na usingizi mzito, na majirani walio bora kuliko tulivyokuwa sisi.