Alvina Lofthus, Aliyezivika Risasi Karatasi

Mchungaji, majirani wote wa Bonde la Skarra, na wewe Delmar Skogstad uliyeketi benchi la pili karibu na dirisha, familia imemtuma Ardis, binti wa marehemu, asome historia hii kama mama yake alivyoagiza, bila kuruka mstari, maana marehemu alimwambia, "Ukiruka hata neno nitafufuka nikuzabe kofi mbele za watu," na waliomfahamu wanajua angeweza.

Marehemu Alvina alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, katika shamba la ng'ombe la wazazi wake, Torvald na Gudrun Skogstad, hapa hapa bondeni, Montana, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, kaka yake Delmar akiwa amemtangulia kwa miaka miwili, na mwenyewe alizoea kusema kwamba hicho ndicho kitu pekee ambacho Delmar aliwahi kumtangulia.

Alisoma shule ya msingi ya bonde kuanzia 1947, akamaliza sekondari mwaka 1959, lakini shule yake hasa ilikuwa meza ya jikoni, ambako baba yake alimfundisha kuilisha bunduki ya babu, ile kongwe inayokokiwa kwa wenzo chini ya kifyatulio, ambayo mtutu wake ulikuwa umelika hata risasi za dukani zikawa zinacheza ndani kama mbaazi kwenye debe. Mzee Torvald aliyeyusha madini na kumimina risasi zake mwenyewe kwenye kalibu ya chuma, kisha kila moja akaivika karatasi nyembamba ya pamba iliyoloweshwa maji, mizunguko miwili, kingo zikutane zisipandane, mkia usokotwe chini, halafu ikaachwa ikauke na kujibana yenyewe, ili ijaze mtutu, na ikitoka tu karatasi ichanike na kudondoka mbele ya mpigaji, risasi iende peke yake. Alvina alishika kazi hiyo akiwa na miaka tisa. Delmar naye alijaribu, baba akamtazama mikono, akasema, "Mwachie mdogo wako, wewe unatengeneza soseji."

Marehemu alianza kazi ya upishi katika shule ya sekondari mwaka 1960, akastaafu 2001, na tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na Einar Lofthus, fundi wa pampu za maji, aliyetutangulia mbele ya haki, wakajaliwa watoto wawili, Ardis mwaka 1963 na Gaylen mwaka 1966.

Mzee Torvald alipofariki tarehe 2 Novemba 1964, bunduki alipewa Delmar, kwa kuwa eti bunduki ni ya mwanamume, na kalibu ikabaki kwa Alvina, kwa kuwa hakuna aliyeiona ni mali. Haukupita mwezi Delmar akabisha hodi jikoni, "Dada, nivikie chache basi," naye akamvikia, si kwa ajili yake, bali ili bunduki ya baba isinyamaze. Kwa risasi hizo Delmar alichukua kombe la maonyesho ya bonde mwaka baada ya mwaka, na kila alipoulizwa alijigonga kifua, "Navika mwenyewe, hiki ni kipaji," huku dada yake amesimama pale pale na bakuli la viazi mikononi. Mwaka 1978, mezani pa kahawa, katika ukumbi wa kanisa hili, Alvina alimwomba aseme ukweli mara moja tu, naye Delmar akawageukia watu akicheka, "Alvina? Huyu hata shuka kukunja ni shida!" Watu wakacheka, watoto wake wakisikia. Iliuma, jamani, iliuma sana, naye akarudi nyumbani akaosha vyombo.

Tarehe 11 Agosti 1979, siku ya shindano, Delmar alisimama mstarini na risasi alizovikiwa kama kawaida, ila safari hii chini ya kila mkunjo palikuwa na tone la gundi ya unga. Kila mtu hapa anajua karatasi ya risasi haitiwi gundi, ikitiwa hukataa kubanduka, risasi ikaenda nayo ikipepesuka kama mlevi. Ya kwanza ilichimba udongo, ya pili ikatoboa pipa la maji la waamuzi. Mzee Halvor, mwamuzi mkuu, akainama mbele ya mtutu, asione hata kipande cha karatasi, akauliza kwa sauti, "Delmar, umetia gundi?" Kumtaja aliyeitia kulikuwa kuyakana makombe yote, kwa hiyo Delmar akasema, "Nimetia." Basi jina la Gundi, mnalomwita hadi leo, lilianzia hapo, na leo mmejua gundi haikuwa yake.

Marehemu hakujuta hata chembe, isipokuwa kuionea huruma bunduki ya baba. Alimtumia kaka yake ujumbe kwamba siku atakaposema mbele za watu nani alikuwa anavika, atamvikia tena, na bunduki ikabaki ukutani hadi leo.

Alianza kuugua moyo Oktoba 2021. Delmar alifika kumjulia hali na kopo la biskuti, mgonjwa akajiinua kitandani, akidhani neno limekuja, kumbe swali, "Kalibu ya baba uliiweka wapi?" Alvina alifariki dunia tarehe 3 Februari 2024, hospitalini, saa kumi alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na wanawe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolisha ng'ombe wetu wakati wa theluji, wapishi wenzake wa shule, na kina mama walioandaa chakula ukumbini.

Kalibu imo jenezani, chini ya viganja vyake. Marehemu ameagiza kwamba neno likisemwa kabla mfuniko haujafungwa, itolewe apewe kaka yake, pamoja na Ardis wa kumvikia, lisiposemwa, izikwe. Mjomba Delmar, kipaza sauti hiki hapa, na jeneza bado li wazi. Wewe mama, akisema, asiposema, pumzika kwa amani.