Sajini Piusi Tluway, Aliyekula wa Mwisho

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya utumishi, Sajini Piusi Tluway anastaafu leo, tarehe 31 Agosti 1963. Kesho kambi yetu ya Karatu itaamka bila kikohozi chake, ambacho siku zote kimetuamsha kabla ya tarumbeta. Tulikilalamikia sana. Sasa tunaona kwamba tutakikosa.

Mzaliwa wa Buger, aliingia jeshini mwaka 1942, akapelekwa Burma, akarudi na mguu unaomsumbua kila baridi ya Ngorongoro inaposhuka. Tangu mwaka 1959 kazi yake imekuwa kuwafundisha makoplo wapya namna ya kuongoza wenzao. Alituambia kwamba cheo hushonwa na fundi cherehani asubuhi moja tu, lakini hakuna fundi awezaye kumshona kiongozi.

Kanuni yake tunaijua sote. Koplo huwapakulia askari wake kwa mkono wake mwenyewe, kisha hula wa mwisho. Makoplo wageni hupakua kwa mbwembwe, wakafika mwisho sufuria imekwanguka. Mwandishi wa wasifu huu alilala njaa siku mbili mfululizo. Sajini alichungulia sufuria, akampa pole, akaenda zake. Siku ya tatu upawa ulikuwa na adabu.

Na ilivyo jikoni ndivyo ilivyo njiani: penye hatari, koplo huvuka baada ya watu wake wote.

Mvua kubwa za mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, zilitukuta katika matembezi ya kwenda Malambo. Korongo lilikuwa limejaa. Koplo Yohani, ambaye Sajini alimpenda kuliko sisi sote, aliwavusha askari wake kwa kamba mmoja mmoja. Wote walifika ng'ambo. Yeye alikuwa wa mwisho, na maji yakamchukua.

Sajini alikwenda Buger mwenyewe kumpa habari Mama Katarina, mjane ambaye Yohani alikuwa mtoto wake wa pekee. Alirudi si yule tuliyemjua. Kundi lililofuata halikufundishwa kanuni ile. Makoplo walikula walipotaka, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Iliuma kumtazama.

Habari kwamba kanuni imeachwa zilipomfikia Mama Katarina, alipanda lori la mahindi hadi kambini. Alimkuta Sajini jikoni, akamwambia mbele yetu kwamba kama kanuni ile ni kosa, basi Yohani wake alikufa kwa kosa, na yeye hayuko tayari kumzika mara ya pili. Sajini alilia, nasi tukalia. Mchana ule alisimama tena mwisho wa foleni, na makoplo wakajipanga nyuma ya askari wao.

Sasa anarudi Buger kulima, jirani na mama huyo. Kwa niaba ya makoplo wote aliowalea, tunamshukuru kwa njaa aliyotufundisha nayo. Mguu wako upate jua, mzee wetu, na ghala lako lisipungue.

Leo tumekubaliana kuivunja kanuni yako mara moja. Mama Katarina yuko jikoni tangu alfajiri, na sahani ya kwanza ya sherehe hii atakupakulia yeye. Tunajua utakataa. Tafadhali ipokee, nasi tutasubiri.

Kula, Sajini. Watu wako wote wameshavuka.

Koplo Shaabani Msafiri