Mikato Miwili ya Mzee Dadi

Kwa miaka kumi na saba na miezi mitatu, Mzee Dadi bin Kibwana amekaa kwenye benchi la karibu na dirisha, katika karakana ya Bwana Taherali hapa Morogoro, akitengeneza ala za visu. Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 1913, anaweka patasi chini na kurudi kwao Kinole, huko juu Uluguru. Sisi tunaobaki tumeona tuandike habari zake kabla hajapanda mlima, maana akishapanda, yule hashuki kwa kuitwa.

Alianza Aprili 1896, masika yamekolea, na gari moshi hata kusikika halijasikika. Wateja walikuwa wapagazi wa misafara. Mpagazi alitaka kitu kimoja tu: akiinama na mzigo, kisu kisimdondoke. Ndiyo ikazaliwa desturi ya karakana hii, ambayo mji mzima unaijua: kupindua. Ala ikikamilika, fundi anaigeuza mdomo chini mbele ya mteja, kisu kikiwa ndani, na kuitikisa mara tatu. Kisu kikianguka, fundi anachekwa mpaka Ijumaa. Cha Mzee Dadi hakikuanguka. Hata leo ukimpa shikamoo, anaitikia marahaba huku ameshakuchomolea ala yako kiunoni, anaipindua, anaitikisa, anakuokotea kisu chako kwa huruma.

Lakini kupindua huko huko nusura kumtoe kazini.

Oktoba 1909, shamba moja la kahawa upande wa Kinole liliagiza ala mia na ishirini za mti. Za aina hiyo ni pande mbili zilizochimbwa katikati, zikabanwa pamoja na kuvikwa ngozi mbichi ya mbuzi inayokaukia hapo hapo. Morogoro jua lilikuwa kali na mti umekauka kama mfupa. Mzee Dadi alizipindua zote, hakuna kisu kilichocheza, zikapandishwa mlimani. Wiki tatu baadaye, mvua za vuli zimeshika huko juu, ikashuka habari kwamba visu havitoki. Watu wanakanyaga ala kwa mguu na kuvuta mpini kwa mikono miwili. Mipini kumi na mitatu imeng'oka. Nyapara wa shamba akasema hiyo ni dharau ya makusudi, na miaka ile, vita ndiyo kwanza vimepita, Wadachi walikuwa hawataki kusikia neno hilo. Askari akaja na agizo: Mzee Dadi apande akajieleze. Akishindwa, ni viboko hamsa ishirini mbele ya watu, na kazini hatarudi.

Aliyecheka alikuwa Abasi, mhunzi wetu wa visu. Alisema Dadi kafanya kazi nzuri mno, mlima mzima leo hauna cha kukatia hata ndizi. Bi Mwaisha, mkewe Mzee Dadi, hakucheka. Alimfungia mihogo ya njiani akamwambia avae kanzu mbili, moja ya baridi na moja ya kiboko.

Kule juu Mzee Dadi hakujitetea. Aliomba ala kumi zilizokwama, askari awe shahidi, na siku saba. Wakashuka nazo. Bondeni vuli ilikuwa bado. Zikatundikwa kwenye baraza ya boma, kivulini, upepo unapita, na mtu haruhusiwi kuzigusa. Siku ya tano, askari alizipindua moja moja. Visu saba vikadondoka vyenyewe. Vitatu vilivyobaki vilitoka kwa kuvutwa na vidole viwili.

Hapo ndipo Mzee Dadi alipoeleza. Mti ukinyonya unyevu unavimba. Kwa nje ngozi imeukaza, kwa hiyo hauna pa kwenda ila ndani, na ndani kuna kisu. Ala zilikuwa nzuri. Kosa ni kwamba zilipimwa bondeni, tena kwa kupinduliwa, wakati kazi yake iko mlimani. Viboko vikafutwa. Nyapara, aliyekuwa ameitwa bomani, alisema tu ala zirekebishwe, akaondoka. Pole hakutoa.

Mzee Dadi akazifumua zote na kuzichonga ndani kwa unene wa kucha. Tangu siku ile, ala zetu zina alama mdomoni: mkato mmoja ni ya bondeni, mikato miwili ni ya mlimani. Ya mikato miwili haipinduliwi. Wateja wa mjini walinuna, wakasema karakana imeishiwa ufundi. Jibu lake lilikuwa moja: "Nenda nayo Kinole, ukirudi ndiyo unitukane." Hakuna aliyerudi kutukana.

Katufundisha na mambo ya ala za ngozi tupu. Mlimani zinalegea na kuota ukungu, kiangazi cha bondeni zinakakamaa kama ubao. Mafuta ya nyonyo zipakwe kabla ya jua kali, si baada. Na masika kisu kisilale ndani ya ngozi, kitaamka na kutu. Hilo la mwisho kalirudia mara nyingi mpaka Bwana Taherali naye sasa analisema kama vile kaligundua yeye.

Mzee Dadi, ahsante kwa yote, hata kwa vile visu vyetu ulivyotuangushia mbele za watu. Zawadi yako hii hapa. Kisu kafua Abasi, ala tumeichonga sisi wa benchi. Tunakujua, utaipindua sasa hivi mbele ya wageni, na kisu kitaanguka. Watu wacheke. Wewe pitisha kidole mdomoni mwa ala uhesabu mikato. Ukaishi salama kwenye baridi ya kwenu, wewe na Bi Mwaisha, na vuli ikianza, kisu kikiacha kucheza, utukumbuke.