Bakuli Langu Lenye Mfuniko

Mwakeye, mama zangu wa Kibondo. Nanyi mliotembea kutoka Kitahana, mwakeye tena. Dada zangu Waislamu, asalaam aleikum.

Mimi ni mwalimu, nimetoka Kasulu asubuhi hii. Kusimama mbele ya watu ndiyo kazi yangu, lakini leo si kama darasani, kwa sababu wengi wenu mnanijua kwa jina ambalo wazazi wangu hawakunipa. Mliniita Mama Bakuli. Msijifanye mmesahau. Nawaona mnaotazama chini.

Chekeni, nimekuja ili tucheke. Ila acheni nieleze kwa mpangilio.

Mimi ni mtu wa Tanga. Barua ya ajira ndiyo iliyonileta Kasulu, na Kasulu ikanipa mume, mzaliwa wa Kitahana. Siku niliyoletwa kwa mama mkwe wangu, alitoka na kibuyu cha umutobe, yale maji ya ndizi mbivu mnayoyakamua kwa nyasi. Kabla hajanipa, akanywa funda moja huku ananitazama machoni. Moyoni nikasema, huyu mama ana kiu. Sikumwuliza mtu.

Miaka ikapita, nikanenepa. Ngazi za shule zikawa mlima. Daktari akaniambia, "Mwalimu, punguza ugali na mafuta, ongeza mboga na matunda." Ndugu zangu, nawaambia ukweli: mimi ni mtu wa kupitiliza. Yeye alisema punguza, mimi nikafuta. Nilikuwa nimeona kwenye simu watu wanaokula vitu vibichi tu, wanang'aa kama sahani mpya. Nikazima jiko langu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nilikataa kula majani kama mbuzi. Nilitaka vyakula vya makwetu, ila bila moto. Nikakatakata kabichi ndogondogo kama mchele, nikaitia bizari nyembamba na iliki, nikaiita pilau. Mume wangu akaonja, akatafuna sana, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, hii pilau imesahau kupita jikoni?" Makande nikayafanya kwa mahindi machanga na choroko zilizoota, na tui bichi juu. Hayo aliongeza. Nikapungua, nikapanda ngazi nikiimba, na kiburi kikapanda pamoja nami.

Ndipo wifi yangu akajifungua, tukaitwa Kitahana kumtazama mtoto. Nikaenda na bakuli langu la plastiki, lenye mfuniko wa bluu. Chakula kilipoletwa, wote wakanawa na kuzunguka sinia. Mimi nikafungua bakuli langu.

Mlikuwepo. Mnakumbuka mlivyoacha matonge hewani. Mimi nilidhani mnaona wivu kwa kiuno changu!

Jioni wifi alinisindikiza njiani. Akasema, "Wifi, leo umemmaliza mama."

"Kwa lipi?"

"Kwa bakuli lako. Huku mtu hafiki kwenye nyumba ya watu na chakula chake. Akifanya hivyo, anatangaza kwamba mwenye nyumba ni mlozi, anatilia watu sumu. Kwani wewe hujaona mama anaonja kabla ya kumpa mgeni?"

Pale pale njiani nikalikumbuka lile funda la kwanza. Hakuwa na kiu. Alikuwa ananiambia, kwangu uko salama.

Maneno yakatembea kuliko mimi. Watu wakasema, kama mkwe wake mwenyewe anamwogopa, sisi ni nani? Wakaanza kupita mbele ya nyumba yake bila kuingia. Sisemi ni nani. Kila mtu anajua miguu yake ilipita wapi. Mama yule, ambaye mlango wake haukuwahi kukosa mgeni, alikamua ndizi zake, akangoja, na umutobe ukachachuka ndani ya kibuyu. Nilikwenda kuomba radhi mara mbili. Mara zote alijibu neno moja: "Nimesikia." Hakunipa kibuyu.

Nikaona maneno yamegoma, labda chakula kitasema. Nitaingia kwenye nyumba yake, nitengeneze ugali wa muhogo wa Waha, mbichi, tule wote kwenye sahani moja. Kwetu Tanga muhogo mbichi tunautafuna barabarani na vipande vya nazi. Nitakosea wapi?

Nilifika Jumamosi. Alikuwa uani anachambua maharage, akanielekeza mbuzi ya kukunia kwa kidevu. Nikang'oa muhogo kwenye shamba lake la nyuma, nikamenya, nikakuna, nikakamua, nikafinyanga bonge jeupe, zuri kabisa. Nikakata tonge. Lilikuwa limefika kwenye mdomo.

Nilisikia "Yewe!" na mkono wangu ukapigwa. Tonge likaruka. Mama wa umri ule alirusha bakuli lote hadi kwenye mgomba, kisha akapiga kelele, "Fukuza kuku! Fukuza kuku!" Basi tukafukuza kuku uani, mimi na mama mkwe, kanga zinadondoka.

Kuku walipokwisha akanishika mabega. "Mwana wanje, mwanangu, umemeza?"

"Hapana, mama."

"Huo ni muhogo mchungu! Tunauloweka siku nyingi, tunauanika, tunausaga, ndipo tunaupika. Mbichi unaua!" Akanitazama. Nikaona mdomo wake umeanza kucheza. "Miezi yote hii unaniogopa mimi, kumbe sumu unajikunia mwenyewe!"

Akacheka hadi akakaa chini kwenye maganda. Nami nikakaa, nikacheka, nikalia. Ndugu zangu, mwanamke niliyemfanya aitwe mlozi ndiye aliyenitoa kifo mdomoni. Hapo ndipo nilipogeuka.

Alipopata pumzi akatandika mkeka, akaanza kutenga vitu mafungu mawili. "Hivi haviombi moto," akasema: ndizi mbivu, parachichi, karanga, mbegu za maboga, mahindi machanga, matango, mchicha mchanga. "Na hivi bila moto hapana": muhogo na majani yake, maharage, magimbi. Nilikuwa nimesoma simu mwaka mzima. Mkeka ulinifundisha kwa nusu saa.

Siku hiyo tukatwanga mahindi machanga na mbegu za maboga hadi yakashikana. Akakata tonge, akalibonyeza kwa dole gumba. "Si ugali," akasema. "Lakini linajua kukaa mkononi." Mchicha tukautwanga na karanga, ukae mahali pa majani ya muhogo, sombe ya Wakongo. Baadaye nilimwonjesha dada mmoja Mkongo anayeuza mboga karibu na kambi ya Nyarugusu. Akafumba macho, akasema, "Maman, hii haiko sombe. Lakini ni mutoto wa dada yake." Siku ile ya mkeka, nilipotaka kutia mawese, mama mkwe akaniuliza, "Na mawese je? Hayo huchemshwa." Nikatia.

Leo ninakula vibichi mara nyingi, na vilivyopikwa pia, kama daktari alivyosema tangu mwanzo. Bakuli la mfuniko wa bluu nanyweshea kuku maji.

Namshukuru wifi yangu, aliyeniambia ukweli badala ya kunisema. Namshukuru mume wangu, aliyetafuna kabichi kwa imani. Namshukuru dada Mkongo. Na ninyi mlioanza tena kuingia kwenye ule mlango, asanteni. Mkichukua neno moja kwangu, chukueni hili: ukifika mahali pa watu, uliza kabla ya kufungua bakuli, na kabla ya kukuna muhogo. Badili chakula chako ukitaka, lakini usiwaache watu kwenye sinia peke yao.

Pale mezani kuna pilau ya jikoni na pilau yangu iliyosahau jikoni. Mtakula zote.

Limebaki moja. Nilimwaibisha mama mkwe wangu mbele yenu, siwezi kumheshimu mafichoni. Mama, wewe wa benchi la pili, simama. Lete kibuyu.

Hapana, mama. Usionje.

Nipe mimi kwanza.