Heriel Elimringi Mtui na Nguzo ya Duka la Severa (1970–2025)

Marehemu Injinia Heriel Elimringi Mtui alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, tarehe 14 Machi 1970, kitindamimba wa Mzee Elimringi na Mama Fortunata.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hukohuko Kilimanjaro. Baba yao alipofariki, dada yake mkubwa, Severa, aliyekuwa akiuza vyombo Kariakoo, alimchukua na kumsomesha hadi alipohitimu uhandisi wa majengo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1996.

Mwaka huohuo aliajiriwa na ofisi ya wahandisi washauri, eneo la Posta jijini. Kazi yake ilikuwa kujua ghorofa litaitikiaje sehemu yake moja ikibadilishwa. Wenzake walipunguza unene wa nguzo moja kwenye kompyuta, wakarudia hesabu nzima, kisha wakaanza nguzo ya pili. Heriel aliweka mzigo mdogo wa kufikirika pale tu alipohofia sakafu ingebonyea, akalinganisha jinsi kila nguzo ilivyoupokea na ilivyopokea mzigo halisi. Kwa hesabu hiyo moja ya ziada, alijua mchango wa kila nguzo. Alipenda kutolea mfano wapagazi wanaobeba friji: "Huwatoi mmoja mmoja ujue nani kabeba. Gandamiza kidogo juu, usikilize nani anaguna."

Mwaka 2001 alifunga ndoa na Agnesi, wakajaliwa Hillary na Vicky.

Mwaka 2009 Severa alitaka kuvunja nguzo ya katikati ya duka lake, Mtaa wa Sikukuu, apate nafasi ya mzigo wa jumla. Fundi alishakubali. Heriel akaomba kwanza apige hesabu ya jengo zima, na nguzo ile ikatokea kuwa ndiyo iliyotegemewa kuliko zote. Akakataa.

"Nimekusomesha ili uje unikatalie dukani kwangu?" dada aliuliza.

"Ndiyo, dada. Usingenisomesha, ningekubali."

Severa akamnunia. Kila jioni akitoka kazini Heriel alipitia dukani, akatoa shikamoo isiyojibiwa, akaigusa nguzo, akaenda zake. Wiki ya Krismasi aliikuta imepakwa rangi mpya na kutundikwa masufuria pande zote. Alitoa shikamoo yake kama kawaida.

"Marahaba," Severa akasema. "Sogea, unawazibia wateja."

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua Heriel. Akitoka hospitali kusafishwa damu, alipitia dukani, dada akamwekea kiti, naye akaegemea nguzo ileile mpaka nguvu zimrudie. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, nyumbani kwake Ilala, Agnesi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Agnesi. Watoto, Hillary na Vicky. Kaka yake, Eliasi. Na dada yake, Severa, ambaye ameomba lisomwe hili: kiti hakijaondolewa.

Heriel, tumekupokea mzigo. Pumzika kwa amani.